Mtu wa Kunionyesha Njia Tu

Jumapili asubuhi daraja la chuma la Bukit Timah hujaa watu wanaopanga foleni kupiga picha na kutu. Treni zilikoma zamani, njia ya reli ikaachiwa waenda kwa miguu, nao wakaja na viatu vya kupandia milima kutembea mahali palipo tambarare kama meza.

Thenmozhi alikuwa akijipenyeza kati yao, kaptura kuukuu, kandambili miguuni, nywele zikinukia mafuta ya nazi, mwanamume mmoja alipomnyooshea simu.

"Dada, samahani. Nipige moja, reli zionekane."

Alimkagua kuanzia kofia hadi soksi. Fulana bado ilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Unakwenda vitani?"

"Matembezi."

"Mita mia mbili, halafu teksi?"

"Mia tatu," alisema mwanamume, jina lake Boon Kiat, akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomnasa. Wengine aliowasimanga walinuna. Baba yake Thenmozhi alikuwa mfunga geti la reli, na yeye mwenyewe alikulia katika nyumba za wafanyakazi mita chache kutoka pale, hivyo aliwaona watembezi wote kama wageni waliovamia sebule yao. Huyu mmoja alimruhusu aandamane naye.

Wakatembea Jumapili kumi na saba. Thenmozhi alikuwa mpimaji macho katika duka la miwani, Boon Kiat aliuza bima na bado aliishi kwa mama yake. Kila jioni walipigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe mama amekuruhusu ule?"

"Unanionea, Mozhi."

"Nikikuonea utajua."

Jumapili ya kumi na nane, simu ya Boon Kiat ililia njiani. Thenmozhi alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Niko na nani? Hamna, Ma. Mtu wa kunionyesha njia tu."

Alipokata, Thenmozhi alikuwa akimtazama.

"Njia yenyewe imenyooka," alisema. "Haina hata kona ya kukupoteza. Ifuate uende kwa mama."

Boon Kiat alimpigia mara kumi na moja siku ile. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Mozhi, nisikilize. Mama ana mambo yake, angeuliza kabila kwanza—"

"Nimekupima, Boon Kiat. Macho yako mazima. Kilichokosekana ni uti wa mgongo."

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha, asubuhi moja baada ya mvua, Thenmozhi alimwona Boon Kiat akija njiani, ameshikwa mkono na mwanamke mfupi mwenye blauzi ya hariri, visigino na mwavuli wa jua. Bi Koh, mama yake, alikuwa akilitazama tope kama mtu aliyeletewa chakula cha jana.

"Hapa mnakuja kwa hiari yenu?"

"Ma, huyu ndiye Thenmozhi." Jasho lilikuwa likimtiririka. "Nampenda. Nilikudanganya."

Bi Koh alimpandisha na kumshusha Thenmozhi kwa macho. "Amevaa kandambili."

"Na wewe umevaa visigino kwenye tope, Mama."

Boon Kiat alifumba macho. Bi Koh hakukasirika. Alionekana kama aliyekutana na mwenzake.

"Mwanangu ana miaka thelathini na minne. Jina lako amenitajia jana, amesimama mlangoni, viatu mguuni, tayari kukimbia. Huyu ndiye unayemtaka?"

"Sijaamua."

"Hata mimi niliolewa na baba yake sijaamua. Nipe mkono, nitaanguka."

Wanawake wakaondoka wameshikana, wakimsema Boon Kiat kwa sauti ya kusikika: woga wake, soksi zake, anavyokula tambi. Alifuata nyuma robo saa nzima.

"Mozhi, utakubali nikuoe?"

Hakugeuka. "Uliza ukiwa hujajificha nyuma ya mama."

Boon Kiat akawapita kwa pembeni, akazama topeni hadi kwenye vifundo, akasimama mbele yao na kumtazama usoni. Akauliza tena. Bi Koh akajifanya anatazama miti. Thenmozhi alimwacha asubiri, azidi kuzama kidogo, ndipo akamwambia ndiyo.