Jiwe Chini ya Maharagwe

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kétsia alibeba bidoni ya lita tano hadi kwenye parseli, kiwanja walicholima majirani, na kumwagilia mistari miwili ya mboga za lengalenga ya mama yake. Hapakuwa mbali. Unavuka barabara kuu ya mji wa Mubi, unangoja lori moja au mawili yapite na matope yake, umefika. Akimaliza aliwaamkia wakubwa, akanawa miguu, akarudi nyumbani kunywa chai. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mama yake alimsifu kwa majirani kwamba mtoto huyu hasukumwi kazini.

Zamani parseli hiyo ilikuwa depo ya mawe ya madini. Depo iliungua, na mwenyewe, Papa Jacques, akarudi kwao Butembo. Watu wa mtaa wakapageuza jalala. Chupa, betri kuukuu na mizoga ya mbwa vilitupwa pale, na mvua ikinyesha harufu iliwafuata watu hadi mezani. Kila mtu alilalamika, na kila mtu aliendelea kutupa.

Aliyeanza kupasafisha ni Mama Byukusenge. Alikuwa mjane mzee aliyekimbia vita kutoka Muheto, kwenye milima ya Masisi, akafika Mubi na kitenge kimoja, na ndani ya pindo la kitenge hicho alikuwa amefunga mbegu za maharagwe, konzi moja tu. Shamba lake, nyumba yake na makaburi ya wanawe wawili vilibaki kule. Aliingia jalalani peke yake, na jembe lililolika hadi likawa kama kijiko. Watu walicheka. Maharagwe ya milima ya baridi, yazae katika joto hili la msitu! Yeye aliendelea kuokota chupa. Wiki ilipokwisha, mama yake Kétsia aliona haya, akachukua jembe lake na kuvuka barabara. Majirani wakafuata mmoja mmoja. Papa Jacques naye akatuma ujumbe kwamba walime tu, bora pasirudi kuwa jalala. Wakagawana mistari.

Walijiwekea sheria moja. Mlangoni pa parseli waliweka beseni kuukuu, na chochote ambacho jembe litakitoa ardhini, kiwe msumari, kijiko au sarafu, kiwekwe mle wote wakione. Walijua vizuri jinsi kitu kilichofichwa kinavyoleta maneno kati ya majirani.

Siku ya kupanda, Mama Byukusenge alizitoa mbegu zake zote. Kétsia ndiye aliyemshikia fimbo ambazo maharagwe yangepandia.

"Mama, haubakishe hata kidogo?" aliuliza.

"Zikikaa mwaka mwingine ndani ya kitenge, zitakufa," mzee alijibu. "Hizi zilikuwa za mama yangu. Zisipozaa hapa, njo mwisho. Sina kitu kingine cha kwetu."

Maharagwe yaliota, yakapanda fimbo, yakatoa maua meupe, halafu maganda mabichi. Waliocheka sasa walisimama barabarani kuyatazama, na Mama Byukusenge alianza tena kuimba akipalilia.

Ijumaa moja, Kétsia alikuwa akichimbua udongo karibu na fimbo hizo, jembe likagonga kitu. Akainama. Lilikuwa jiwe jeusi, dogo kama yai, lakini zito hata likamvuta mkono. Alilijua mara moja: jiwe la madini. Baba yake, Papa Albert, alikuwa mchimbaji kule msituni, na kila aliporudi alimpa jiwe kama hilo alishike. "Ona," alikuwa akisema, "iko kadogo, lakini inavuta mukono." Msimu wa mvua uliopita kilima kiliteremka juu ya shimo lake. Wenzake walichimba siku tatu, kisha kilima kikateremka tena, wakaacha. Papa Albert hana kaburi. Nyumbani vimebaki viatu vyake vya Jumapili, ambavyo mama huvipiga rangi kila Jumamosi ingawa hakuna wa kuvivaa.

Kétsia alilifunga jiwe ndani ya kiganja.

"Umepata nini, mwanangu?" Mama Byukusenge aliuliza kutoka upande wa pili wa fimbo.

"Haiko kitu, Mama. Iko kipande ya sahani tu."

"Basi weka kwa beseni, isikate muntu."

"Nitaweka."

Hakuliweka. Alilitia mfukoni, akavuka barabara haraka. Hakutaka kuliuza. Alitaka tu kulishika, maana mkono wake ulipovutwa chini na uzito ule, ilikuwa kana kwamba baba yuko karibu anacheka.

Siri ya huzuni ni nzito kwa mtoto mmoja. Jumatatu, wakati wa mapumziko, Kétsia alimwonyesha jiwe rafiki yake Naomie na kumwambia alikolitoa.

"Usiambie muntu."

"Naapa," alisema Naomie, na kiapo chake kilidumu somo zima la hesabu. Saa sita na nusu alifika nyumbani, akamnong'oneza kaka yake Floribert. Basi Floribert alikuwa mwendesha pikipiki, na pale Mubi neno ukimwambia mwendesha pikipiki hufika kabla ya pikipiki yenyewe.

Saa tisa Kétsia alikuwa akiosha vyombo aliposikia sururu. Alitoka mbio na mikono yenye povu. Parseli ilikuwa imejaa wanaume. Vijana waliokulia machimboni hawawezi kusikia habari za jiwe moja jeusi bila kuuliza ndugu zake wako wapi, na tayari walishasadiki kwamba depo ilijengwa juu ya madini, ndiyo maana Papa Jacques hauzi parseli. Lengalenga zilikuwa zimefukiwa. Fimbo za maharagwe zililundikwa kando, mizizi juu. Mama yake Kétsia alimvuta mmoja shati akipiga kelele, lakini nani atamsikia?

Mama Byukusenge hakupiga kelele. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mbele ya fimbo tatu za mwisho zilizosimama.

"Mama, toka hapo, tutakuumiza," kijana mmoja alisema.

"Chimbeni hapa nilipo, mimi nikiwamo," alijibu taratibu.

Kétsia alisimama barabarani. Hakuna aliyemwangalia. Angeweza kunyamaza, na lawama zingewaangukia wachimbaji peke yao. Akisema, watalichukua jiwe, na baba atampotea mara ya pili. Kisha koleo likapigwa hatua moja tu kutoka miguu ya mzee, na fimbo moja ikaanza kuinama.

"Jiwe iko hapa!" alipiga ukelele, akalitoa mfukoni. "Acheni! Njo mimi nililipata, na ilikuwa moja tu!"

Walimzunguka. Zingine ziko wapi? Nani alimtuma? Katikati ya makelele hayo alipenya Papa Zéphyrin, mwenye duka la sabuni na mishumaa, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akipima mizigo katika depo ile. Alivaa miwani, akaligeuza jiwe, akalisugua kwa kidole gumba. Ulitokea mstari wa rangi nyekundu.

"Hii rangi nilipaka mimi mwenyewe," alisema. "Ilikuwa jiwe ya kuonyesha wanunuzi, ikapotea siku ya moto. Na hii udongo tuliileta na lori kutoka mutoni, tukajaza. Chini haiko kitu. Muchimbe mpaka mutokee upande ingine ya dunia, mutapata matope tu."

Wanaume walitazamana, kisha wakatazama mashimo waliyochimba. Mmoja aliweka sururu begani akaondoka, na wengine wakamfuata bila neno la pole. Alibaki Floribert peke yake, uso chini, akaokota koleo na kuanza kufukia. Naomie alikuja kumsaidia kwa mikono mitupu, huku akilia.

Kétsia alikwenda mlangoni, akaliweka jiwe ndani ya beseni, mahali lilipotakiwa kuwa tangu Ijumaa. Halafu alirudi kwa Mama Byukusenge, akapiga magoti kwenye udongo.

"Nilisema iko sahani. Nilidanganya. Papa alikuwa ananiletea mawe kama hii, Mama. Nilitaka tu kuishika."

Mama yake alisikia. Alikwenda kwenye beseni, akaliinua jiwe, na mkono wake ukavutwa chini kidogo. Akaketi palepale, akalia kwa sauti, kwa namna ambayo hakuwa amelia tangu wachimbaji walipoacha kumtafuta mumewe.

Mama Byukusenge alingoja kilio kipungue. Kisha alimshika Kétsia kidevu.

"Sikia, mwanangu. Kumulilia baba yako haiko kosa. Mimi nina makaburi mawili Muheto na sijui kama nitayaona tena, kwa hiyo maumivu yako naijua. Kosa ilikuwa kuificha, na kusema uongo juu yake. Ungeweka jiwe kwa beseni, Papa Zéphyrin angeijua siku ileile, sisi wote tungelia pamoja na wewe, na maharagwe ingekuwa bado inasimama."

Kétsia aliyaangalia maganda mabichi yaliyokanyagwa, machanga mno kuwa mbegu, na aliona aibu kubwa.

Kufukia mashimo kulichukua wiki mbili. Kila siku baada ya shule Kétsia alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na hapana aliyemwagiza. Fimbo tatu ziliachwa hadi maganda yakakauka. Mwaka huo hakuna aliyekula maharagwe ya Muheto. Mama Byukusenge aliyapukuchua juu ya kitenge chake, akayakusanya, na yakamjaa konzi moja, kama ile aliyokuja nayo.

Siku ya kupanda tena, mzee alilitoa jiwe katika beseni na kumpa Kétsia mbele ya majirani wote.

"Baba yako hana mahali," alisema. "Tumupatie hapa."

Walichimba shimo pembeni, karibu na ukuta uliobaki wa depo. Kétsia alilishika jiwe mara ya mwisho, likamvuta mkono, akaliweka chini. Mama yake alifukia. Juu yake Mama Byukusenge alipanda punje tatu, wakasimamisha fimbo, na majirani wakavua kofia.

Kesho yake asubuhi Kétsia alivuka barabara na bidoni yake, na kabla ya lengalenga alianza kumwagilia pale.