Pasi Iliyolazwa Kifudifudi

Jumapili ile dobi aliamka alasiri, akakuta ncha ya kidole chake cha shahada imeungua.

Lilikuwa lengelenge dogo, jeupe. Kila dobi analijua: ni la kidole kilicholambwa kikagusishwa uso wa pasi kuona kama imeshika moto. Lakini hakuwa ameshika pasi tangu jana. Alikuwa amelala. Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika, na mumewe mwenyewe ndiye aliyemtandikia kitanda, akashusha pazia, akamwambia, "Lala, mke wangu. Wiki inayokuja ni nzito."

Wateja walimwita mumewe Taratibu, kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kumkwaruza mtu. Yeye hupokea nguo na kuzirudisha; pasi ni kazi ya mke. Alikitazama kidole, akakipuliza, akasema labda kiliungua jana na uchovu ukamsahaulisha. Dobi akakubali. Mtu anayekupuliza kidole utamshukuje?

Ila uchovu wenyewe haukukubali. Alikuwa amelala mchana kutwa, lakini mabega yalimuuma, nyonga zilimuuma, na nywele zake zilinuka mvuke na wanga, kama mtu aliyetoka kazini sasa hivi.

Jumatatu alikuta rafu ya kibandani imejaa mashati yaliyonyooka. Taratibu alisema aliamka alfajiri kumpunguzia mzigo, na akatania kwamba hata mwanaume ana mikono. Dobi alicheka, akachukua shati la juu. Kila dobi ana mkono wake, kama mwandiko. Yeye huanza kola kutoka nchani kwenda katikati, kisha huikunja mikono ya shati nyuma, mmoja juu ya mwingine, kama ya mtu aliyefungwa kamba. Shati hili lilikunjwa hivyo. La chini yake pia. Yote. Aliliweka taratibu, asije mumewe akasikia pumzi yake ilivyobadilika.

Chumba cha nyuma aliishi mama mkwe, aliyekuwa dobi wa kibanda hicho kabla yake. Vidole vya bibi huyu vilijikunja miaka mingi iliyopita, kana kwamba bado vimeshika mpini, na nyumba nzima ilisema ni baridi yabisi. Dobi alimpelekea chai, akamshikia kikombe kama kawaida, akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini.

Bibi aliusogeza mdomo mbali na kikombe.

"Siku hizi Jumamosi nani anafunga kibanda?"

"Mwanao, mama. Ananiambia nikajinyooshe."

"Na pasi, anaisimamisha?"

Hakujua. Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha desturi ya nyumba ile: wiki ikiisha, pasi husimamishwa kwa kisigino, uso ukaelekea ukuta, na mwenye kufunga husema kwa sauti, "Kazi imekwisha." Pasi iliyolazwa kifudifudi ni kazi inayoita mkono, na majini hawapendi kusikia kitu kikiita bila kuitikiwa.

Jumamosi iliyofuata alisubiri mumewe afunge, kisha akaingia kwa mlango wa nyuma, mama mkwe akimwegemea begani. Pasi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kitambaa cha kichwa cha dobi mwenyewe, kile alichokitafuta mwezi mzima. Waya ulikuwa umechomolewa. Chuma kilikuwa cha baridi. Kitambaa chini yake kilikuwa cha moto.

"Mwanangu anauma akipuliza," bibi alisema. "Mimi pia aliniambia nilale."

Dobi alivitazama vile vidole vilivyojikunja. Akauliza kwa nini hakumwambia mapema.

"Jini lilipokuhamia wewe, nikapata usingizi. Nilikuwa nimechoka mno, mwanangu."

Kuisimamisha pasi sasa hakungesaidia, bibi alisema. Jini likishazoea mkono huja hadi kitandani na kuuliza kama kazi imekwisha, na jibu ni la aliyeliita. Akisema imekwisha, linaondoka. Neno moja tu.

Alipoulizwa usiku ule, Taratibu hakukana. Alilia, akapiga magoti. Alieleza kwamba shule zinafunguliwa, sare ni nyingi, na nyumba ya wageni amekwisha kuiahidi mashuka yote yatakuwa tayari wiki hii. Asingeweza kuonekana mwongo mbele ya watu. "Halafu si ulikuwa umelala?" alisema akijifuta machozi. "Niliona haikuumi." Hata hivyo aliapa kwa jina la mama yake kwamba kesho atalijibu. Dobi alimtazama mtu aliyelala naye ubavu kwa ubavu miaka yote hii, na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kulitamka neno lile, akamwamini.

Jumapili adhuhuri alilala. Taratibu aliketi ukingoni mwa kitanda, amemshika mkono. Ukumbini mashuka ya nyumba ya wageni yalirundikana hadi karibu na dari. Kwanza ulikuja mlio mdogo, tsss, kama tone la maji juu ya chuma. Kisha harufu ya pamba inayoanza kuungua, ikapita chini ya mlango, ikapanda kitandani. Kisha joto, si joto la jua lililokuwa nje ambako watoto wa jirani walikuwa wakicheza na kucheka mchana kweupe, bali joto lenye unyevu, lenye pumzi, lililosogea hatua kwa hatua hadi miguuni pake na kusimama hapo, na alipotaka kupiga kelele aliona mdomo umelala, na mikono imelala, na kila kiungo chake kimelala isipokuwa macho, na katika mvuke ule macho yake yakaona kitu kirefu kikiinama, kwa adabu, kama mtumwa anayesubiri amri, na sauti ikatoka kama maji yanayokauka.

"Kazi imekwisha?"

Taratibu alifungua mdomo. Dobi alimsubiri kwa macho, mwili mzima umebaki machoni. Akamwona akigeuza shingo kutazama mlango, na nje ya mlango, yale mashuka.

Akamfunika mkewe vizuri, akampapasa nywele.

"Bado," alisema kwa upole. "Wiki hii tu."

Chumba cha nyuma, kitanda cha bibi kililia kidogo, kama mtu aliyejigeuza kuelekea ukutani.

Mkono wa dobi ukatoka chini ya shuka bila yeye kuutuma. Kidole cha shahada kikapanda polepole hadi mdomoni, na akausikia ulimi wake mwenyewe ukikilowesha.