Kinywa cha Bi Twaiba

Pale Msambweni, harusi bila Bi Twaiba ilikuwa nusu harusi. Yeye ndiye aliyeongoza vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe na kuimba. Akianza wimbo, hata wapishi waliacha masufuria wakatoka kuitikia. Bi Twaiba alilijua hilo, wala hakujifanya halijui.

Sasa mjukuu wake Hafsa alikuwa ameposwa, aolewe baada ya miezi kadhaa. Nani mwingine wa kumwimbia? Lakini meno ya mbele ya Bi Twaiba yalikuwa yameanza kucheza. Maneno ya wimbo yalimtoka yamekatika. Ufizi ulimuuma kila alipopiga mswaki, basi akauacha mswaki. Badala yake alizidisha kutafuna tambuu, yale majani yenye popoo na chokaa, ili kuondoa harufu, na akizungumza alijiziba mdomo kwa ncha ya leso.

Tena alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na sukari ilikataa kushuka.

Asubuhi moja Dama alibisha hodi. Dama alikuwa jirani yake na mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja na kipimo, akamdunga kidole.

"Kitasemaje leo hicho kidude chako?" aliuliza Bi Twaiba.

"Bado iko juu, bibi."

"Basi kidude kimeharibika. Dawa nameza kama nilivyoambiwa. Chai nanywa bila sukari. Kaimati nawapikia watu, mimi naambulia harufu. Mtu asiniambie nakula kwa kificho."

"Nakuamini, bibi. Lakini mbona wazungumza umejiziba mdomo?"

"Meno tu hayo, ni uzee. Meno ni meno, sukari ni sukari."

"Ufizi hautoi damu?"

"Damu sijaiona," alisema Bi Twaiba, akatema mate ya tambuu kwenye kopo.

Dama alilitazama kopo. "Utaionaje, bibi, na kila unachotema ni chekundu? Nifanyie hisani. Leo usitafune tambuu. Kesho asubuhi sukutua kinywa, kisha piga mswaki polepole, uteme kwenye sahani nyeupe."

Bi Twaiba hakupenda kuamrishwa na mtu ambaye mamake aliolewa kwa vugo lake. Hata hivyo alifanya. Kesho yake alitema kwenye sahani, na mate yalikuwa mekundu. Tambuu hakuwa ametafuna. Aliogopa sana, akamwita Dama.

"Ni damu kweli," alimwambia. "Nieleze."

"Ufizi wako una maradhi, bibi. Sukari ikizidi kwenye damu, huzidi hata kwenye mate. Vijidudu vya kinywani hupata chakula, na mwili hukosa nguvu ya kupambana navyo. Ufizi huvimba, meno hulegea."

"Kwa hiyo sukari inanimaliza meno."

"Na ufizi unakupandishia sukari. Ukivimba hivyo, dawa haifanyi kazi yake sawasawa. Yale mawili yanasaidiana kukuumiza."

"Basi sikuvunja masharti?"

"Ya chakula umeyashika vizuri. Kosa ni kuacha mswaki. Ufizi ukitoa damu ndipo unapotaka kusafishwa zaidi. Na tambuu imekuumiza ufizi, tena imekufichia damu."

Wakaenda hospitali. Kabla ya kuondoka Dama alikuwa amemwambia asiende na njaa, ameze dawa zake kama kawaida. Daktari wa meno aambiwe habari za sukari, na kliniki ya sukari iambiwe habari za meno. Daktari alimkwangua ule uchafu mgumu uliogandamana chini ya ufizi. Jino moja la nyuma halikuokoka, likang'olewa. Alipewa mswaki laini, akaagizwa kuutumia kwa dawa ya meno yenye floridi kila asubuhi na kabla ya kulala.

Mswaki haukumshinda. Kilichomshinda kwanza ni tambuu, kwani mkono ulikwenda wenyewe kwenye kijaluba, kile kijisanduku chake cha tambuu. Mwishowe alimpa Hafsa kile kijaluba akatilie vipuli vyake.

Miezi ilipita. Damu ilikoma. Meno ya mbele yakatulia. Dama alipopima tena, alitabasamu kabla hajasema.

"Imeshuka, bibi."

"Kumbe kidude chako kimepona," alisema Bi Twaiba.

Siku ya harusi ya Hafsa, ua ulijaa wanawake na pembe zao. Sinia la tambuu lilimfikia Bi Twaiba, akalipitisha mbele. Wenzake walimtazama, wakingoja ainue ncha ya leso mdomoni kama walivyomzoea. Dama alikuwa miongoni mwao, pembe mkononi.

Bi Twaiba alisimama. Aliishika leso, akajifunga nayo kiunoni, akakaza. Kisha akafungua kinywa chote mbele ya watu. Neno la kwanza la wimbo lilikuwa jina la mjukuu wake, nalo lilitoka zima.