Mkono Juu ya Gia

Mnunuzi wa kwanza alilirudisha gari baada ya dakika tano, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la uani na kuosha mkono wake wa kulia. Aliuosha kwa sabuni, akausuuza, akauosha tena. Kisha akaaga bila hata kuuliza bei.

Šefika alimtazama akiishia zake, akaketi kwenye ngazi. Alikuwa mpishi wa shule mjini Zenica, miguu ikimvimba kila jioni, na tangu amzike mumewe Hilmo mwezi wa Desemba alitaka jambo moja tu: gari lile liondoke pale uani. Hilmo alikutwa ndani yake kando ya barabara, injini ikiunguruma, mkono umekakamaa juu ya gia. Daktari alisema ni moyo.

Gari lenyewe halikuwa baya. Dogo, halili mafuta, la gia za mkono, usukani kushoto. Mlango wa dereva umebonyea, waipa ya nyuma imekufa, gia ya pili ni ngumu kuingia. Yote hayo aliyaandika kwenye tangazo. Hata hivyo mnunuzi wa pili, mama mwenye duka la maua, alirudi analia. Wa tatu hakurudi kabisa. Alipiga simu.

"Mama, njoo ulichukue gari lako. Nimeliacha sokoni."

"Lina nini, mwanangu?"

"Halina kitu." Kijana akashusha sauti. "Wewe huwa unaliendesha peke yako?"

Šefika alipanda basi akalifuata. Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Ndani ya gari mlinuka udongo mbichi na nywele zilizoungua, akafungua kioo, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza. Alipotaka ya pili, ile ngumu, iliingia yenyewe kama kisu kwenye siagi, na hapo ndipo aliposikia kitu kimelala juu ya mkono wake, kizito, chenye ubaridi wa jiwe la mtoni, vidole virefu kuliko vyake vikijipanga kimoja kimoja katikati ya vidole vyake, vikimsukumia gia ya tatu, kisha ya nne, na gari likishika kasi kwenye kona za juu ya mto huku yeye akivuta mkono usivutike, akiita jina la Mungu kwa sauti isiyotoka, mpaka mkono wake wa kushoto ulipopita chini ya usukani, ukaufikia ufunguo na kuzima injini.

Gari lilijiburuta likasimama. Kwenye kiti cha nyuma kitu kililia mara moja, kwa sauti nyembamba, kama paka.

Aliliacha pale pale, akatembea mpaka kwa Hodža Hamdija, imamu wa mtaa wao, mzee aliyemswalia Hilmo. Alimkuta anamenya viazi.

"Efendi, nimechoka," alisema, akamsimulia.

Mzee aliweka kisu chini. "Hilmo aliwahi kumwaga kitu mahali? Maji ya moto?"

Šefika alikumbuka. Mwezi wa Oktoba rejeta ilichemka karibu na kinu cha zamani cha maji, kile kisichosaga tena. Hilmo aliyamwaga maji yale kwenye majani yakiwa yanatokota, akaja nyumbani akicheka kwamba kapigiwa kelele na paka asiyemwona.

"Alisema Bismillahi kwanza?"

"Hilmo? Efendi, Hilmo alikuwa akisema matusi."

"Basi aliyelia kama paka ni mtoto wa jini, na mzazi wake ndiye anayekushika mkono."

Adhuhuri walilirudia gari, wakaenda nalo kinuni. Mkono haukumgusa njiani, lakini harufu ilikuwepo. Imamu alishuka, akasimama mbele ya gari na kusoma Ayatul Kursi. Šefika alibaki kwenye usukani, kiganja juu ya gia, kama alivyoagizwa. Ubaridi ukaja, ukamlalia. Mzee akasoma mara ya pili, mara ya saba, mpaka sauti ikamkauka, na kila aliposoma mkono ule ulizidi uzito.

"Linasikia," alinong'ona akiegemea boneti. "Linasikia, dada yangu, ila haliondoki. Na mimi pumzi imeniishia."

Šefika hakuwa na nguvu hata ya kuogopa. Aliinamisha kichwa, akasema polepole, kana kwamba anaongea na jirani:

"Mume wangu alimuunguza mwanao. Hakuona. Nisamehe kwa niaba yake. Nawe umeshamchukua wangu, sina mwingine wa kukupa. Twende kila mtu kwake."

Maji ya kinu yaliendelea kupita. Kisha vidole vile vikaachia, kimoja kimoja. Kiti cha pembeni kikainuka kama mtu kasimama, mlango ukafunguka, na majani yakalala chini ya hatua zilizoelekea mtoni.

Imamu alianza kusema amina, akakatisha. Kitasa cha mlango wa nyuma kilitikisika. Kikatikisika tena, kama kinachovutwa na mkono usiokifikia vizuri. Mlango ulifunguka taratibu, na majani yakayumba kidogo tu, chini chini, yakizifuata zile hatua za kwanza.

Jumapili alikuja mnunuzi wa nne, Ragib, mpiga plasta ambaye mkewe hupelekwa hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Šefika alimweleza mlango uliobonyea, waipa, gia ya pili. Kisha akamweleza na lile lililobaki. Angeweza kunyamaza. Moyo ulikataa.

Ragib alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Na wameondoka?"

"Wameondoka."

"Wote?"

"Niliona milango miwili ikifunguka."

"Gari lina milango minne, mama."

Ragib alilitazama gari kwa muda mrefu, akalizunguka, akafungua mlango wa dereva na mmoja wa nyuma, ile miwili iliyosalia, akaiacha wazi. Akasogea pembeni, akasubiri kimya kama mtu anayewapisha wageni. Baada ya hapo akaifunga kwa upole, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.