Jina la Nabintu Lasomwa Uwanjani

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Nabintu aligeuza kiti chake cha magurudumu. Mbele yake alisimama mwanamume asiyemjua, amevaa kombati za jeshi.

"Nyabo, dada, kengele imelia. Wewe iko hapa namna gani?"

Nabintu alimweleza kwamba ameruhusiwa kubaki. Kila mara chuo kilipofanya zoezi la kukimbia moto, Olivia, mlezi wa bweni, alimwambia apumzike tu, asijisumbue. Olivia alidhani anamhurumia. Wenzake walitoka wakicheka, naye akabaki na ukimya wa bweni zima. Dirishani alisikia majina yakisomwa uwanjani. Lake halikuwamo. Kisha sauti ikasema wote wametimia.

Neno hilo lilimchoma. Kwao Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mama yake hapakui ugali kabla ya kuhesabu watoto wote.

Mgeni alikuwa Sajenti Herbert. Alitoka kambi ya jeshi hapo mjini Mbarara kuwafundisha wanafunzi kujiokoa. Alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Moto haitakupatia ruhusa ya kubaki," alisema. "Nani anajua namna ya kukutoa hapa?"

"Hakuna, afande. Hakuna muntu aliniulizaka."

"Mimi nakuuliza."

Basi Nabintu akasema yote. Kiti kishikwe kwenye vyuma vyake, siyo kwenye magurudumu. Mmoja akae mbele, mwingine nyuma. Tena, mtaro ulio kati ya bweni na uwanja hunasa magurudumu. Herbert aliandika kila neno.

Jioni hiyo alimweleza Olivia kwamba mwenye ulemavu huulizwa kwanza anasaidiwaje, kisha hufanya zoezi pamoja na wengine. Olivia aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba hakuwahi kufikiria hivyo.

Wiki mbili baadaye mtaro ulikuwa na kivuko cha zege. Taa ya kuwaka na kuzima kengele ikilia iliwekwa kila korido, kwa ajili ya wasiosikia kengele. Enid na Orpa, wa vyumba vya jirani, walijitolea kumtoa Nabintu. Walifanya mazoezi mpaka mikono ikazoea.

"Kengele ikilia, nakuja kwako kwanza," Enid alimwambia.

Nabintu alitabasamu tu. Ahadi alikuwa amezisikia nyingi.

Mwezi uliofuata, saa nane mchana, moto wa kweli ulizuka katika chumba cha kupigia pasi. Enid alikuwa koridoni. Chumba chake kilikuwa hatua tano tu, na mezani ilikuwako kompyuta yenye utafiti wake wa mwaka mzima. Aliutazama mlango wake, akaupita.

Mlango wa Nabintu ulifunguliwa bila hodi. Orpa alishika mbele, Enid nyuma. Magurudumu yalivuka kivuko bila kukwama.

Uwanjani Olivia alisoma majina.

"Nabintu?"

"Niko."

Wakati huohuo paa la juu ya chumba cha Enid lilianguka. Nabintu alimgeukia.

"Na kompyuta yako?"

Enid alifuta macho kwa bega. Mikono yake ilikuwa bado imeshika kiti.

"Nilikuambia wewe kwanza," alisema.