Tangazo la Saba

Kila Alhamisi, jua likianza kuzama, Esta alikwenda stendi kuchukua bahasha, kanga ameitupia begani ya kujifunikia vumbi. Basi la kutoka Geita liliingia Shinyanga muda huo, kama halikuharibika njiani. Kondakta alimjua. Alimrushia bahasha ya kaki kupitia dirishani na kuendelea na abiria wake. Ndani kulikuwa na flopi moja, na juu ya bahasha Hozefa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Matangazo sita.

Hozefa alikuwa na duka Rwamgasa, huko Geita, katikati ya wachimbaji wa dhahabu. Binamu yake Mohsin alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala hapa Shinyanga, mtaa wa Kambarage, na Esta ndiye aliyekuwa mpiga chapa wake. Mwaka huo wa 1998 Mohsin alinunua kompyuta, akaanzisha gazeti la ukutani: karatasi ndefu ndani ya fremu ya kioo nje ya duka. Ng'ombe waliopotea, misiba, harusi, salamu za wachimbaji kwa wake zao. Watu waliokuja soko la Ijumaa walilisoma kabla hata ya kununua chumvi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Ankit, fundi wa kompyuta kutoka Mwanza, aliwatengenezea kiprogramu cha nyongeza. Unaingiza flopi, unabonyeza kitufe kimoja, kiprogramu kinachukua kila faili lililomo na kulipanga gazetini chenyewe. Mstari wa kwanza unakuwa kichwa cha tangazo, wa mwisho unakuwa jina la mwenye tangazo. Zamani kilikuwa kinauliza kabla ya kuchapa: nichape, nisichape? Esta ndiye aliyemwomba Ankit aliondoe swali hilo, maana lilimchelewesha kurudi kwa mtoto wake, Mageni. Tangu hapo kikawa kinachapa tu, bila kumwuliza mtu.

Jioni hiyo alibonyeza kitufe, akaanza kufunga madirisha. Mohsin alikuwa ameshakwenda kuswali.

Krrr… krrr… krrr…

Printa ilikuwa na kawaida ya kusimama kidogo kila tangazo likiisha, kwa hiyo Esta aliyahesabu kwa masikio. Moja. Mbili. Tatu. Akachukua pochi yake. Nne. Tano. Sita.

Kimya.

Akanyoosha mkono azime.

Krrr…

Kwanza ilimjia harufu. Harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini sana, na mvua haikuwa imenyesha Shinyanga tangu Mei. Akainama, akasoma maneno yakitoka mstari kwa mstari.

SIJAFA. Mama Mageni, mwadila. Mimi mhola duhu, mzima tu, ila huku hakuna jua. Tunachimba tu. Kovu la goti bado linaniuma kukiwa na baridi. Siwezi kusema. Ulimi wangu uko nyumbani kwetu, ndani ya chungu.

Na chini kabisa, mahali pa jina: B.

Esta alikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Mume wake, Donatus, mwenye kovu la goti, alifukiwa na shimo la dhahabu Rwamgasa miaka miwili iliyopita. Jeneza lililetwa limepigwa misumari, wakaambiwa wasifungue, marehemu ameharibika. Wakazika. Na hakuna mtu wa Shinyanga asiyejua maneno yanayosemwa juu ya majeneza yasiyofunguliwa. Kwamba mchawi humchukua mtu akiwa hai, akawaachia ndugu gogo la mgomba walilie. Kwamba humkata ulimi asiweze kumtaja, kisha humtumikisha gizani mpaka mwili uishe. Msukule.

Alichukua mkasi, akaikata karatasi chini ya tangazo la sita. Kipande cha saba alikikunja, akakitia pochini. Gazeti akalitundika, akafunga fremu kwa ufunguo, akaenda nyumbani karibu anakimbia.

* * *

Nyumbani alikuwapo mama mkwe wake, Bibi Limi, na mtoto Mageni wa miaka sita. Bibi Limi alikuwa amepiga magoti jikoni akipuliza moto wa samadi, macho mekundu kwa moshi, kama siku zote.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Mbona unahema, Mama Mageni?"

"Nimetembea haraka."

Macho yale mekundu ndiyo yaliyomtesa Esta. Mwaka uliopita, mtaa wa pili tu, ajuza mmoja alikatwa mapanga mlangoni kwake, na kosa lake lilikuwa macho kama haya haya, eti ya kichawi. Maneno yalianza kisimani Jumanne. Jumamosi walikuwa wanamzika. Gazeti la Mohsin lilisomwa na watu wengi kuliko wale wa kisimani. Neno "chungu" likifika pale ukutani, Bibi Limi asingeiona Jumatatu. Ndiye aliyemlea Mageni tangu baba yake alipozikwa, na Esta alimpenda, hilo liwekwe wazi.

Lakini chungu kilikuwapo.

Kilikaa pembeni mwa chumba cha bibi, kimefunikwa kwa kifuniko cha udongo. Chungu cha mizimu ya ukoo, alivyoambiwa Esta siku alipoolewa, na mkwe hakigusi. Usiku ule bibi alipotoka kunawa, Esta aliingia, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

Kilikuwa na joto.

"Hicho acha," sauti ikanong'ona nyuma yake. Bibi Limi alisimama mlangoni, maji yakimtiririka mikononi. Hakukasirika. "Acha tu, mwanangu."

Akaacha. Alijiambia kwamba ukuta ule umepakana na jiko, ndiyo maana. Moyo ukitaka kuamini jambo, haukosi ukuta wa kuegemea.

* * *

Alhamisi ya pili Esta alijifanya mjanja. Kabla ya kubonyeza chochote alifungua flopi, akahesabu mafaili. Sita. Akayasoma moja moja: fahali mwenye pembe moja, msiba, cherehani, msiba, harusi, salamu. Hapakuwa na la saba. Akabonyeza.

Sita yakatoka. Alisimama mbele ya printa, mikono kifuani, anasali.

Krrr…

UMENIKATA. Mama Mageni, umenikata kwa mkasi, iliniuma. Mama anakijua chungu. Waache watu wasome, waende wakamwulize mama.

B.

Safari hii alikichoma kipande chenyewe nyuma ya duka, akakanyaga majivu yake. Moto ukamwunguza kidole. Na hapo ndipo akili ilipomrudia, na jambo ambalo angelikumbuka tangu mwanzo kama hofu isingemtangulia, likamjia lote kwa pamoja.

Donatus hakujua kuandika.

Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Kwenye daftari la kanisa, siku ya ndoa, aliweka dole gumba. Barua zake zote kutoka machimboni aliandikiwa na mtu mwingine. Esta alikimbia nyumbani, akatoa kopo la barua uvunguni. Zote zilikuwa na mwandiko mmoja mzuri. Zote ziliishia kwa maneno yale yale: Mwandishi wako, B.

Alipumua. Mtu, basi. Mtu hai, mwenye chuki, anayejua siri zake kwa sababu alizisikia akiziandika. Mtu hai unaweza kumripoti polisi.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisi ya mabasi, akaomba redio koli. Sauti ya Hozefa ilikuja na mikwaruzo mingi.

"Kaka Hozefa, wiki hizi mbili umetuma matangazo mangapi?"

"Sita, dada Esta. Na kabla ya hapo sita. Nimepiga mwenyewe kwa mkono wangu. Kwani yamepungua?"

"Hayajapungua… Zamani nani alikuwa anawaandikia wachimbaji barua? Mtu wa jina la B."

Mikwaruzo.

"Bartholomeo," Hozefa akasema. "Alikuwa mwalimu, akaacha chaki akafuata dhahabu. Dada, hukuambiwa? Alikuwa shimo moja na mume wako siku ile. Donatus tulimtoa. Bartholomeo hatukumpata mpaka leo."

* * *

Alhamisi ya tatu Esta alipokea bahasha stendi, akapitia choo cha shimo cha pale pale, akaitumbukiza flopi. Ilichukua muda kabla ya kusikika ikigonga chini. Akamwambia Mohsin kwamba basi halikuleta kitu, akarudi nyumbani mapema, akasonga ugali, akacheka na mtoto. Usiku ule alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Asubuhi ya Ijumaa aliona umati mbele ya duka tangu mbali.

Hakukuwa na kelele. Watu wa soko wana kelele; hawa walikuwa wamenyamaza, shingo zimeelekea kwenye kioo. Mohsin alimlaki njiani, miwani mkononi.

"Sikutaka ukuta ukae mtupu," alisema kwa sauti ya chini. "Kompyuta inabaki na nakala za nyuma, nikadhani nikibonyeza, kiprogramu kitachapa ya wiki iliyopita. Kikatoa tangazo moja tu. Nikalitundika bila kulisoma. Esta… umefanya nini?"

Umati ulimpisha. Alisogea mpaka kwenye kioo, akijiandaa kuliona jina la Bibi Limi.

MKE WANGU ANANIZIBA MDOMO. Mara ya kwanza alinikata kwa mkasi. Mara ya pili alinichoma moto. Jana amenitupa chooni. Enyi watu wa Kambarage, mwulizeni Esta wa duka la Mohsin. Anayemficha msukule ni nani?

B.

"Lisemwalo lipo," mtu akasema nyuma yake. "Kama halipo, laja."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwanamke mmoja akajibu, akavuta watoto wake pembeni.

Na saa hiyo hiyo, kwa bahati mbaya ya Esta, Bibi Limi akatokea na ungo wa michembe, viazi vilivyokaushwa, kichwani, akija kuuza, Mageni kamshika kanga. Bibi hakujua kusoma. Aliwatazama watu, akamtazama mkwe wake.

"Wameandika nini, Mama Mageni?"

Yule mwanamke akamsomea bibi, neno kwa neno, polepole, kama anayesoma misa.

Bibi Limi aliushusha ungo chini. Macho yalikuwa mekundu, na sasa yalikuwa na machozi.

"Mwanangu alikuwa akiandika," alisema, "na wewe ulikuwa ukimchana?"

"Mayu, nilikuwa nakulinda wewe. Kitu kile kilikutaja. Kilitaja chungu…"

"Chungu gani?" bibi akauliza, mbele za watu, kwa uso mkavu kabisa. Kisha akamvuta Mageni upande wake.

Firimbi ya walinzi wa sungusungu ililia upande wa sokoni. Moja, halafu nyingine ikajibu. Mohsin alimshika Esta mkono, akamwingiza dukani, akafunga mlango. Nyuma, mke wake Shehnaz alikuwa ameshavua buibui lake. Alimvisha Esta, akamsukuma kwenye pikapu iliyobeba mbegu za pamba. Walipotoka uani, Esta alisikia kioo cha fremu kikivunjika. Na juu ya kelele zote alimsikia mtoto wake akimwita.

* * *

Alipata hifadhi Nkome, ziwani, kwa mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa na asiyeuliza maswali. Mara mbili alituma watu Kambarage kumwomba mtoto. Mara mbili walirudi na jibu moja: ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Hilo ni kweli kwa desturi, na hakuna aliyeweza kumsaidia. Alilia mpaka akachoka, akaanika dagaa.

Miezi minne ikapita. Jioni moja, akiwa anawageuza dagaa mchangani, mchukuzi wa mizigo alikuja na barua.

"Nani kakupa?"

"Mtu tu, stendi ya Geita. Mchafu, ametapakaa udongo. Nilimwuliza jina, hakujibu. Alinionyesha jina lako kwenye bahasha kwa kidole."

Esta hakuifungua upesi. Akahesabu siku. Ilikuwa Alhamisi. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, dagaa wamejaa ufuko mzima, na bado karatasi ile ilinuka udongo mbichi. Mwandiko ulikuwa mzuri, ule ule wa kwenye kopo. Mageni alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza.

Mama, shikamoo. Mimi na bibi hatujambo. Baba naye hajambo. Jioni bibi humpa uji, mimi namshikia kibatari. Baba hawezi kusema lakini ananijua. Bibi anasema nimekua, mikono yangu ni myembamba, inafika mahali ambapo mikono ya wakubwa haifiki. Mwezi ukiandama nitakwenda na mimi kazini. Usilie.

Mwandishi wako, B.

Alitazama juu. Mwezi haukuwapo; alfajiri aliuona umebaki kipande chembamba, wa kufa kesho au keshokutwa.

Kambarage walikuwa bado wanamsubiri, na mapanga yao, hilo alilijua. Alijua pia kwamba yaliyomo kwenye barua yanaweza kuwa uongo wa kumrudisha tu, chambo kwenye ndoana, na kwamba aliyekuwa anamwita huenda hakuwa Donatus wala Bartholomeo wala mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Kiganja cha mkono wa kulia kikaanza kumwaka. Kilikumbuka joto la kile kifuniko.

Akajifunga kanga kiunoni, akawaacha dagaa mchangani na giza likiingia, akashika njia ya kwenda barabarani kutafuta gari. Safari hii angekifunua kile chungu.