Asumini Moja Katika Kumi

Kila alasiri, jua likishalegea, Bi Tahiya huchuma asumini. Mwasumini wake umesimama katikati ya nyumba, pale palipo wazi juu, Mji Mkongwe, mtaa wa Malindi. Huketi jamvini akatunga vikuba vya kuvaa kifuani. Harufu hupanda ngazi taratibu, hadi chumbani kwa mumewe, Mzee Jecha.

Chumba hicho ndicho kilichomkosesha Bi Tahiya raha. Boriti za dari zilikuwa zimeoza. Masika yakiingia, sufuria zilipangwa kukizunguka kitanda, na matone yakaanguka humo mchana kutwa.

"Umepika hospitali mpaka umestaafu," Mzee Jecha alimtania, "na bado wanipikia maji ya mvua."

Bi Tahiya alipostaafu alipata kiinua mgongo. Hakikutosha boriti na fundi. Akakiweka benki, kwenye akaunti ya faida ya upande wa Kiislamu, kwa miaka miwili. Faida ya miaka hiyo ingejazia pale palipopungua. Kila alipojinyoosha mchana aliiona dari mpya, nyeupe kwa chokaa, kama wingu lililokubali kutulia juu ya mumewe.

Mwaka wa kwanza ulipotimia, simu ilileta ujumbe. Faida, shilingi laki mbili. Kodi ya zuio, elfu ishirini.

Moyo ulimshuka. Alimkumbuka marehemu baba yake, muuza mchele wa Darajani. Mwaka ukitimia, baba alihesabu mali yake ya biashara, mtaji na faida pamoja, akaitolea zaka. Bi Tahiya akadhani kodi nayo ni hivyo hivyo. Basi imeumega mtaji wangu, aliwaza. Mwakani itaumega tena.

Usingizi ukamchukua pale pale jamvini. Akaota mwasumini unasinyaa. Kila akiugusa ulipungua, mpaka ukawa kijiti chembamba mkononi mwake, na dari juu ikafunguka bila sauti.

Alipoamka alichukua buibui lake.

"Wenda wapi saa hizi?" aliuliza Mzee Jecha kutoka juu.

"Benki. Nnakwenda kuzitoa zote kabla hazijayeyuka. Bora zikae sandukuni."

"Sanduku lile mchwa washalizowea. Watafurahi."

Mlangoni akakutana na jirani yake, Riyama, aliyekuja kuchukua kikuba cha kuvaa harusini. Riyama hufanya kazi ofisi ya kodi.

"Shikamoo, Bi Tahiya."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni nyinyi mnaonila."

Riyama akatabasamu, macho chini. "Nshakula nini tena, bi?"

Bi Tahiya akampa simu. Riyama aliusoma ujumbe, kisha akaketi jamvini. Akachukua asumini kumi kutoka kwenye sinia, akazipanga mstari mmoja.

"Mtaji wako ndio ule mwasumini," alisema. "Faida ndiyo hizi asumini. Benki imechukua moja katika kumi, ikaipeleka serikalini. Tisa zako. Mti haukuguswa."

"Hata tawi?"

"Hata jani. Laki mbili, moja ya kumi yake ni elfu ishirini. Ndiyo hiyo hapa."

Bi Tahiya aliutazama mti. Ulikuwa umesimama pale pale, mnene, na nyuki mmoja ndani yake.

"Lakini mimi mstaafu," alisema polepole. "Pensheni yangu haifiki mwisho wa mwezi. Sisamehewi?"

"Laiti ingekuwa hivyo, bi. Kodi hii haiangalii umri, wala uchache wa kipato. Ila ina wepesi wake. Benki ikishaikata, imekwisha. Kwa faida ile hulipi tena, wala hutuletei fomu."

"Na nikizitoa leo?"

"Huko si kwetu, huko ni mapatano yako na benki. Waulize kwanza. Mara nyingi mtu akitoa kabla ya muda huikosa faida yenyewe. Na kila mwaka waombe karatasi ya makato, uone wamekata kwenye faida tu. Viwango navyo hubadilika. Ukiwa na shaka, njoo ofisini. Kuuliza ni bure."

"Basi umesikia," Mzee Jecha alisema kutoka juu. "Vua buibui, mchwa leo walale na njaa."

Asubuhi yake Bi Tahiya alikwenda benki, lakini kwa kuuliza. Akaambiwa akivunja mapatano, faida ya mwaka wa pili hataipata. Mtaji wake ulikuwa mzima. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na hatua nyepesi.

Mwaka wa pili ukapita kama harufu inavyopita dirishani. Ujumbe ukaja, moja ya kumi ya faida imekatwa. Safari hii Bi Tahiya aliusoma, akaendelea kutunga. Kabla ya masika fundi alipandisha boriti mpya, akapaka chokaa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Bi Tahiya alipanda ngazi na sufuria kwa mazoea, akasimama mlangoni. Dari ilikuwa kavu. Mzee Jecha alikuwa amelala, uso wake wazi chini ya weupe ule.

"Rejesha jikoni," alisema bila kufumbua macho. "Leo pika wali."